Papa ya fotokopi ku njia ya Kasapa: Gaffiot yangu aliiponesha, Cicero wakamukata nusu

Bon, niandike hii mara moya iishe, juu kila wiki kuko muntu ananiuliza ku WhatsApp "Mama Asista, bile bitabu byako bya Latini unafanyishaka fotokopi fasi gani", na nimechoka kujibu muntu moya moya. Jibu ni hii: kuko papa moya ku njia ya Kasapa, mbele ya kufika ku kampusi, mu kontena ya rangi ya bulu, iko na mashini mbili za fotokopi, ordinatere moya ya zamani, na nyuma kabisa meza ya kurelye (kushona na kufunga) bitabu. Jina yake siandike hapa, hakunituma nimufanyie publisite na tena kuko mabaya nitasema. Ukiuliza bantu ba fakilte ya Letre "kwa Papa ya kontena" utafika.

Mbele ya kumusifu ao kumulaumu acha niseme miye ni nani, juu bila ile hamutaelewa namna gani fotokopi inaweza kunikosesha usingizi. Kazi yangu ni Latini. Ndiyo, Latini, hapa hapa Lubumbashi. Nilisoma Latin-Philo ku sekondere, nikaendelea nayo ku univerisite, sasa niko asista, nafundisha banafunzi orateri ya Baroma, ni kusema ufundi ya kusema mbele ya bantu, na niko naandika teze. Shangazi yangu ananiulizaka kila Noeli: "Ile luga benyewe yake bote balishakufa, sasa unafundisha banani?" Namujibu ata babu alikuwa anaimba Tantum ergo yote mu kanisa bila kukosa neno, na hakujua inasema nini, sasa mujukuu yake anajua, si ni maendeleo? Anacheka, anasema sawa, lakini makuta iko wapi. Pale sina jibu.

Na si miye wa kwanza mu hii wazimu. Mu 1971, wakati balichukua univerisite zote za inchi wakazifanya moya tu, UNAZA (Univerisite ya Taifa ya Zaïre), masomo ya letre yaliletwa huku kwetu, na bantu sawa Mudimbe, ule mwandishi, mutoto ya Likasi mwenye alipita kwa bamonaki Babenedikto, balifundisha hapa mu myaka ya 1970. Basi kuko njia. Lakini ni ngazi: asista, shefu ya travo, profesere, na ku kila kidato banakuuliza umeandika nini. Kuandika inaomba bitabu, na bitabu byetu ni bile bya Les Belles Lettres, nyumba ya kutoa bitabu ya Paris, byenye bantu banaita Budé, iko inatoka tangu 1920, ya Latini iko na gamba nyekundu na picha ya ile imbwa ya pori ya kike ya Roma, ya Kigiriki iko ya njano na bundi. Moya tu ya ile nyekundu inaweza kula posho ya wiki mbili mu nyumba. Njo maana nasema kazi yangu yote imesimama juu ya mashini ya Papa. (Najua, najua, haki ya mwandishi. Latini ya Cicero, ule musemaji mukubwa ya Roma, haina tena mwenyewe, lakini tafsiri na maelezo ya chini ni jasho ya bantu, basi miye nafanyisha kopi moya ya kazi yangu, siuzishi, na siku mushahara inaingia kwa wakati nanunua ya kweli. Niko na nne za kweli. Nne.)

Tuanze na muzuri: Gaffiot yangu. Kwa bale hawajui, Gaffiot ni diksionere ya Latini na Kifaransa yenye ilitoka kwa Hachette mu 1934, karibu paje 1700, na Félix Gaffiot mwenyewe alikufa mu 1937 kwa aksida ya motokari, myaka tatu tu kisha kitabu kutoka, kila mara nikiifungua namusikilia huruma. Uzuri yake ni kwamba haikupe paka maana ya neno, inakuonyesha nani alilitumia na fasi gani, na ule "nani" mara mingi ni Cicero, sasa kwa muntu ya orateri ni sawa kuingia mu nyumba ya mujomba. Yangu nilinunua dola 10 kwa familia ya mwalimu moya muzee, kisha kilio yake, bibi yake alinipa mukononi akaniambia tu "uichunge". Nikachunga mubaya. Wakati wa mvua muchwa ilipanda ku etajere, ikakula mugongo yote na paje za mwanzo za A, ata "ab" (ni kusema "kutoka") ilienda. Kukosa "ab" mu Latini ni sawa kukosa maji ya kusonga bukari.

Nilizunguka kwa bantu batatu mu muji, bote banasema tutie kole na skochi. Papa ya kontena akaishika, akaigeuza, akainusa (nawaambia aliinusa!) akasema: "Mama, hii balishona, hawakubandika. Ukitia kole juu ya uzi, mwaka moya haipite." Akaomba wiki mbili na dola 20. Zikafika wiki tatu, hiyo nayo niiandike. Lakini aliifumua yote, fungu kwa fungu, akaishona upya na uzi yenye alipitisha mu mushumaa, akatia mugongo ya kitambaa nyeusi. Na zile paje za muchwa? Kuko Gaffiot ya bure ya ordinatere, yenye Gérard Gréco na benzake balitoa mu 2016, nikamupa ile PDF, akaprinta zenye zinakosekana, akazikata ku kipimo ya kitabu na kuzishona mbele. Sasa Gaffiot yangu inaanza na karatasi nyeupe pe, herufi za siku hizi, kisha gafula unaingia mu karatasi ya rangi ya chai, sawa muzee mwenye kutia meno mbili mupya. Naipenda kupita mbele. Mwaka na nusu imefunguliwa kila siku na hakuna ata fungu moya limelegea.

Kama nilisimama pale ningemupa 20 ku 20.

Sasa mabaya. Rafiki aliniazima De oratore, kitabu ya 2, Budé, kwa siku tatu tu. De oratore ni ile Cicero aliandika mu 55 mbele ya Kristu, bakubwa ba Roma bamekaa kwa Crassus kule Tusculum banabishana juu ya namna gani muntu anakuwa orateri wa kweli. Niliomba paje moya ku karatasi moya, herufi nene, nipate fasi ya kuandika pembeni. Ile siku Papa hakuwako, alienda ku kilio, alibaki mutoto ya dada yake. Sasa musikilize: mu Budé Kifaransa iko kushoto, Latini iko kuume, na zote mbili ziko na numero moya. Ni kusema kuko 40 ya Kifaransa na 40 ya Latini. Kijana akaona 40, 40, 41, 41, akafikiri balikosea ku emprimeri, akasema mu roho acha nimusaidie Mama asilipe mara mbili. Akaruka kila paje ya kuume. Kitabu muzima! Nikapewa De oratore ya Kifaransa tupu, na spirali yake muzuri, na kijana anatabasamu: "Mama, nimekupunguzia bei."

Kosa yangu ni kwamba sikufungua pale pale. Nilifungua usiku saa tano, kitabu ya kweli ilisharudi kwa mwenyewe, na asubui saa mbili niko na banafunzi. Na somo ilikuwa nini? Memoria! Kwa Baroma kazi ya orateri iko na mafungu tano: kutafuta bya kusema, kubipanga, kubivalisha maneno, kubishika mu kichwa, na kubitoa kwa sauti na mikono. Ile ya ine njo tulikuwa nayo, na ile kitabu ya 2 njo inaisemea. Ni kusema paje za kumbukumbu njo zilisahauliwa.

Basi nikasimama mbele ya bantu 12 bila neno moya ya Latini mukononi, nikafundisha kumbukumbu kwa kumbukumbu. Nikabaelezea Simonides, mushairi ya Ugiriki, vile alikuwa ku karamu kwa Scopas kule Thessalia, banamuita inje kuko bijana babili banamutafuta, anatoka, haone muntu, na nyuma yake nyumba inaangukia bale bote balikuwa banakula. Maiti ziliharibika, ata bandugu hawajui nani ni nani, lakini Simonides alikumbuka kila muntu alikuwa amekaa fasi gani, akabaonyesha moya moya babazike. Pale njo Cicero anasema bantu bakafahamu kama akili inashika bintu kwa mafasi: kila neno unaliweka mu chumba yake, kisha siku ya kusema unatembea tu mu nyumba. Pale mwanafunzi moya, muntu ya Kabongo, akanyosha mukono: "Mama, hii si lukasa?" Nikanyamaza kidogo. Lukasa ni ile ubao ya Baluba, iko na shanga na alama, bantu ba mbudye, kundi ya bale banachunga historia, banapitisha kidole juu yake na kuhadisia bafalme na safari zao, kila shanga ni muntu ao fasi. Tukaacha Simonides, tukabaki mu lukasa mpaka saa ikaisha, nafikiri njo somo yangu ya muzuri kupita zote za ule mwaka, na yule kijana ya spirali sitamushukuru juu yake ata siku moya.

Nikafika kwa Papa na hasira.

"Papa, mutoto yako alimukata Cicero nusu."
"Yesu! Nani?"
"Cicero."
"Ni mwanafunzi wako?"

Kueleza ikachukua wakati. Lakini hapa njo nataka musikilize muzuri, juu ku hii muji ukienda kulalamika mara mingi unarudi na deni. Papa hakubisha, hakusema "ungeangalia mbele ya kulipa", hakuniletea hadisi ya mashini. Alifungua Gaffiot... hapana, nakosea, alifungua ile kopi, akahesabu, akamuita kijana, akamwambia kwa sauti ya chini (iliogopesha kupita kelele) "Unaona luga yenye haujui, unaamua haina kazi?" Kisha akapanda velo yake yeye mwenyewe mpaka kwa rafiki yangu, ku komine ya Kampemba, kuomba kitabu tena. Moto ya umeme ilikuwa inakuya paka usiku ile wiki, akafanya kazi usiku, asubui nikapata Latini yote, bure. Na ku ukuta wa kontena, juu ya mashini, kuko sasa karatasi yenye aliandika na feltre nyekundu: KITABU YA IMBWA, NUMERO MBILI MBILI, USIRUKE. Mukifika mutaiona.

Nikamutuliza na hadisi, juu alikuwa na haya. Nikamwambia Papa, hii kitabu ilishazoea kukatwa. Myaka mamia bantu ba Ulaya balikuwa na De oratore yenye kukosa bipande, mpaka mu 1421 askofu ya Lodi, Italia, Gerardo Landriani, akapata mu kanisa yake manuskri ya zamani iko nzima, na bitabu bingine bibili bya Cicero, Brutus na Orator, ndani. Bakaikopi mbio mbio. Kisha ile manuskri yenyewe ikapotea.

Papa akauliza: "Balikopi mbele ya kupotea?"
"Balikopi."
"Basi." Na akarudi ku kazi yake, kifua imefura kidogo.

Lawama ya pili ni wino. Ukienda mwisho wa mwezi toneri iko inaisha na hasemake mpaka umuulize. Pro Archia yangu, ile Cicero alimutetea mushairi mu 62 mbele ya Kristu, ilitoka imepauka, mustari ingine ni kivuli tu. Nilimuletea malalamiko, na hapa historia ikamupa Papa haki tena: Petrarca, mushairi ya Italia, alipata ile ile Pro Archia kule Liège mu 1333, Ubelgiji ya leo, na mu barua moya analalamika kama mu muji muzuri vile ilikuwa kazi kubwa kupata wino, na ile kidogo alipata ilikuwa ya njano sawa safrani. Papa alicheka mpaka akaketi. "Kwa Babelge pia wino ilikosa!" Tangu pale kila muteja akisema kopi imepauka anamujibu "ni wino ya Liège". Haisaidie muteja, lakini inachekesha.

Kuko kintu ingine yenye inanifurahisha kwake, anakubali masahihisho. Fasi zingine ukisema kuko kosa ku gamba banakuambia lipa tena. Papa aliandika "Ciceron" ku mugongo, nikaomba abandue ile n ya mwisho, ibaki "Cicero", akafanya bila kunung'unika. Cicero mwenyewe alikuwa muteja ya hivi! Alimuandikia rafiki yake Atticus, mwenye alikuwa na bakopisti bake, kama mu Orator aliweka jina ya Eupolis na ni Aristophanes, bashairi babili ba Ugiriki, basi bakopisti bageuze jina mu bitabu byote. Atticus alikuwa tajiri, Papa iko na kalamu ya korekta tu.

Ameanza na kuuliza bitabu binasema nini. Hii ni hatari, juu ukianza kumuelezea foleni inakuwa ndefu nyuma yako na banafunzi banakuangalia mubaya. Siku moya nilikuwa na hotuba za Cicero za juu ya Verres. Nikamuelezea: guverneri ya Roma kule Sisilia, kuanzia 73 mpaka 71 mbele ya Kristu, aliiba ngano, sanamu za mahekalu, kila kintu, na Cicero anasema bantu balisikia Verres anahesabu myaka yake tatu hivi: feza ya mwaka moya yake mwenyewe, ya mwaka ingine ya bale batamutetea, na ile ya mavuno kupita yote ya bazuzi. Kontena yote ikanyamaza. Mama moya mwenye alikuya kufanya fotokopi ya karti ya kura akauliza, "Huyu alikuwa guverneri ya wapi unasema?" Sisilia, Mama. "Aa." Halafu: "Balimufunga?" Hapana, Mama, Cicero alitembea Sisilia siku 50 kukusanya bashahidi, mu 70 akaanza kesi na nguvu vile Verres akakimbia mbele ya mwisho, akaenda kukaa Massilia, Marseille ya leo. Hotuba tano kubwa zenye Cicero alishatayarisha hazikusemwa mbele ya bazuzi, alizitoa kama kitabu. (Njo teze yangu hii: hotuba zenye hazikusemwa. Kuko hizi, kuko Filipiki ya pili, moya ya hotuba zake za kumupinga Antonius, mukubwa ya Roma, na hiyo hakuitamuka, ilizunguka kwa maandishi, na kwa zile Filipiki zote alilipa kichwa na mikono yake mu 43. Ukiniuliza zaidi tutalala hapa.) Yule mama akasema "Sawa, lakini alikula", akachukua karti yake akaenda.

Bei: faranga 100 ku paje, inashuka kidogo ukipita paje 200. Spirali dola 1. Kushona kitabu ni dola 10 mpaka 25, inategemea ugonjwa. Hatoe fakture, paka ukiomba, na ile anaandika ku nyuma ya karatasi yenye kuharibika. Ordinatere iko na virusi, kle yangu ya USB ilitoka pale na mafaili yote yamekuwa njia za mukato, na sura ya 2 ya teze ilikuwa ndani. Nilikuwa na kopi ku simu, Mungu mukubwa. Basi tuma faili ku WhatsApp, usitie kle. Usiende mu wakati wa banafunzi kurudisha memwari (travo yao ya mwisho wa masomo), utasimama mpaka jua ikuchome na radio yake ya rumba inalia sawa arusi. Na uliza kama Papa mwenyewe iko. Kijana ameendelea, sasa anajua Budé, lakini Loeb, bile bitabu bya Latini na Kiingereza, hajaikutana, na kule Latini iko kushoto, naogopa.

Noti yangu ni 14 ku 20, distinksio. Ingekuwa 16, ni ile usiku ya memoria.

Juzi nimemuachia Brutus. Aliniambia nirudi siku ya ine, basi naenda ya tano, na nitahesabu paje pale pale mbele ya macho yake, analijua, ananiwekeaka kiti.